Sifa za Nukta

Wenye kusifu wafalme na wasifu. Leo sifa ni zako, nukta, mdogo kuliko yai la chawa, unayemfanya tajiri wa Baraka awe fukara wa Kigoma.

Kwetu Fizi, Kongo, tulirithi desturi ya Wabelgiji: gunia la ndagala likiandikwa 85.000, ni faranga elfu themanini na tano, na mkato ndio unaotangulia sentimi. Ng'ambo ya Tanganyika walirithi ya Waingereza: mkato unapanga maelfu, nawe umewekwa mlangoni mwa senti. Ziwa ni moja, Kiswahili ni kimoja, ndagala ni wale wale. Wewe peke yako umebadili kazi katikati ya maji, bila pasi wala ushuru.

Waandishi wa programu wanakusengenya. Ati umewalazimisha kukiandikisha Kiswahili mara mbili, sw-TZ cha Tanzania na sw-CD cha Kongo, kila kimoja na mpangilio wake wa tarakimu. Watovu wa shukrani! Mmoja wao akiipa JavaScript maandishi "85.000" iyasome kama namba, inamrudishia 85, wala haioni haya. Faranga 84.915 zimeyeyuka, kufuli halijavunjwa, hakuna wa kushitakiwa. Mwizi gani mwingine ana adabu hiyo?

Hata ndugu yako mkato ana utu: hasahau marehemu. Faranga yetu ilipozaliwa mwaka 1998, kila moja ikimeza zaire mpya 100.000, ilikuja na noti za sentimi, hata ya sentimi 1. Sokoni zilikufa zamani. Lakini ISO 4217, orodha ya kimataifa ya sarafu, bado inaipa faranga ya Kongo nafasi mbili za sentimi, huku ya Burundi haina hata moja. Ndiyo maana programu ikifuata orodha inachapa 85.000,00: mkato mbele, sifuri mbili nyuma, msafara wa matanga.

Maadui zako wamepanga kukupindua. Wanashauri kiasi kihifadhiwe kama namba tupu, kando yake msimbo wa sarafu, CDF, TZS au BIF, nawe uitwe mwishoni tu, namba inapoonyeshwa kwa msomaji, kwa desturi ya kwao. Usihofu. Maadamu muuzaji anaandika bei kwa kalamu, anaipiga picha na kuituma ng'ambo kwa simu, ufalme wako hauna mpinzani.