Ami na Mashine Iliyoganda

Ami yangu anauza viungo Darajani, Zanzibar, karibu na soko lililojengwa mwaka 1904, na hesabu zake huziweka kwenye daftari linalonukia mdalasini. Mimi, msomi wa ukoo, nikamwahidi programu. Nikaiandika kwa Python: dirisha lenye saa na jumla ya mauzo, na pembeni kile kiskrini cheusi kinachouliza, "Umeuza nini?"

Asubuhi wateja walifululiza, ami akawa anaandika bila kupumzika, kila kitu shwari. Ikaadhiniwa adhuhuri, akaenda kuswali. Aliporudi akabofya dirisha. Kimya. Likapauka kama sanda, saa imesimama palepale alipoiacha.

"Mwanangu, mashine yako imekata roho!"

Kabla sijafika keshachomoa waya. Mauzo ya asubuhi yakaenda na maji, maana msomi hakuwa ameyahifadhi popote.

Kosa lilikuwa langu. Amri ya input() husimama ikingoja mtu abonyeze Enter, nami niliiweka kwenye uzi uleule, yaani mkondo uleule wa kazi, unaochora dirisha. Ami yuko rakaa ya pili, programu nzima imekodoa macho inamngojea. Na Windows ikibisha hodi kwa dirisha sekunde 5 bila kuitikiwa, hulitangaza kuwa limeganda.

Jioni nikaenda Forodhani kujipoza kwa urojo.

"Tukutilie yai au mishkaki?"

Nikaduwaa. Muuzaji hakuduwaa nami. Alimwachia kijana wake anisikilize, yeye akaendelea kuteka. Nilipoamua, kijana akaliweka bakuli langu kwenye foleni. Muuzaji naye, kila akimaliza mteja, anatupia jicho foleni: kuna bakuli, anajaza. Hakuna, anakatakata viazi.

Nikala mbiombio, nikarudi nyumbani. Uzi wa pili nikaupa kazi moja tu: kukaa kwenye kibodi na kungoja. Ukipata mstari, unautia kwenye foleni. Dirisha linachungulia foleni kila milisekunde 100, kisha linaendelea na saa yake. Na mauzo yote yanahifadhiwa papo hapo, kwa heshima ya mkono wa ami.

Wiki iliyofuata tukakaa barazani tukinywa kahawa, ami karidhika.

"Mashine sasa haigandi hata nikienda Makunduchi. Na wewe, mwanangu, utaoa lini?"

Kikombe kikasimama njiani, hakikufika mdomoni. Ami akasubiri kama sekunde 5 hivi, kisha akaanza kunitazama ubavuni, kama mtu anayetafuta waya.