Punguzo la Asilimia 50

Kariakoo, wiki ya Krismasi. Hali ngumu, kila mtu anasema. Anasema huku akipigana vikumbo Mtaa wa Msimbazi, mifuko mikono yote miwili. Viatu vya shilingi 30,000 mwezi Oktoba vilipandishwa hadi 60,000 Novemba, ili Desemba vipate pa kushukia. Shemeji yangu kavinunua. “Nimeokoa elfu thelathini, shem!” Nikamuuliza hiyo aliyookoa iko wapi. Akanuna. Pesa yenyewe kakopa kwenye simu, na riba yake, masikini, haijawahi kuwekwa ofa. Nisimcheke sana: mimi nimerudi na jagi la umeme, la tatu hilo, na luku imekata tangu jana. Shule zinafunguliwa Januari, na mhasibu hapokei viatu.