Mkia Wake Uko Wapi?

Jumapili iliyopita nilikemewa kwa jina la Yesu. Kusema kweli iliyokemewa ni ndege yangu, lakini rimoti ilikuwa mkononi mwangu na kundi zima la maombi lilikuwa likinikodolea macho, kwa hiyo sioni tofauti.

Anayeijua milima ya Ngong anajua kwamba Jumapili huwa na wageni wa aina mbili: wapandaji wenye chupa za maji na waombaji wenye Biblia. Mimi nilikuwa nimefuata upepo. Kule juu, karibu mita 2,460 kutoka usawa wa bahari, upepo wa mashariki huja umetambaa bila kizuizi hadi unapogonga ule mgongo wa milima, na kwa kuwa hauna pa kupenya, unapanda. Ndiyo maana mitambo ya umeme wa upepo imesimikwa palepale. Ndege isiyo na injini daima iko safarini kushuka, lakini ikishuka polepole kuliko hewa iliyomo inavyopanda, itakaa juu mpaka betri iishe au mwenyewe ashikwe na njaa. Kila nikiliwaza jambo hilo nasisimka upya. Ni lifti ya bure, haina hata mtu wa kudai tiketi.

Nikairusha. Inataka mkono wa nguvu, maana kwa kimo kile hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi kidogo ya moja ya tano, na bawa lisilopata mwendo huanguka miguuni pa mrushaji. Ikashika upepo, ikapanda, ikapita kushoto na kulia mbele ya mlima kwa madaha ambayo mwenye nayo hana. Kisha sevo ya kushoto ikafa. Ndani ya sevo ya bei nafuu mna mota ndogo na msururu wa gia za plastiki. Jino moja likinyofoka, kibawa kinachoendeshwa nayo hubaki pale kilipokuwa. Changu kilibaki kimeinuka. Ndege ikalalia kushoto, ikaanza kuzunguka, na upepo ukaichukua kuivusha mgongo wa mlima. Nikainua kibawa cha kulia kilingane na mwenzake. Ikanyooka, ikapunguza mwendo, ikaanza kushuka taratibu mno, imetulia, nyeupe pepepe, kuelekea mahali ambapo sikupachagua.

Upande wa pili, kwenye kibonde kisichofikiwa na upepo, waombaji walikuwa wamesimama duara, macho wameyafumba, mikono juu. Pasta alikuwa amefika kilele cha maombi.

"Shuka!" alipaza sauti. "Shuka, Roho! Shuka sasa hivi!"

Ikashuka.

Glaida haina mlio. Ilimpita pasta juu kidogo ya utosi, ikagusa nyasi, ikateleza hadi katikati ya duara na kusimama mbele ya mama mmoja mwenye leso ya buluu. Kwa muda hakuna aliyejua. Lakini hakuna kundi la maombi lisilokuwa na mtu mmoja anayefumba jicho moja tu, na huyo ndiye aliyepiga ukelele. Waliobaki wakafumbua macho. Kuna aliyepiga magoti, kuna aliyetimka. Mzee mmoja akanyoosha kidole: "Ashindwe!" Wote wakaitikia: "Ashindwe!" Mama wa leso ya buluu hakungoja litokee la mbinguni, akaitandika kwa mwavuli.

Hapa inafaa kueleza kwamba foamu iliyotumika kutengeneza ndege hizi si ile nyeupe inayopukutika ambayo televisheni mpya huja nayo. Hii ukiipiga inabonyea, halafu inarudi. Mama akapiga, ikabonyea, ikarudi. Akapiga tena, ikarudi tena. Jambo hilo halikuisaidia kesi ya ndege.

Nilifika nikihema, rimoti kifuani. "Samahani mama, ni yangu. Ni ndege tu."

Akaitazama, akanitazama. "Ndege? Mkia wake uko wapi?"

Sikuwa na pumzi ya kumjibu, lakini swali lake ni lilelile lililowakosesha usingizi watu wakubwa. Bawa la kawaida, likishapata mwendo, hutaka kuinamisha pua. Kazi ya mkia ni kuusukuma upande wa nyuma chini ili pua isizame. Ukiung'oa mkia, ndege hupiga pindu. Bawa tupu huponea kwa hila mbili: ukingo wake wa nyuma hukunjwa juu kidogo, milimita mbili tatu hivi, na ncha zake hurudishwa nyuma hadi nyuma ya kitovu cha uzito, zikawa zinafanya kazi ya mkia zikiwa bado ni bawa. Vibawa viwili tu huendesha kila kitu: vyote vikiinuka, pua inapanda, kimoja kikiinuka na kingine kikishuka, ndege inalala upande. Kwa hiyo, mama, mkia upo. Umefichwa.

Na mtu hakuwa wa kwanza kuligundua hilo. Kuna mmea unaotambaa kwenye misitu ya Java ambao mbegu yake imekaa katikati ya utando mwembamba wenye upana wa sentimita 13 hivi, nao huelea mbali na mmea mama bila mkia wala rubani. Mwunda ndege Igo Etrich alijifunza kwa mbegu hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Ndugu wawili Wajerumani, Walter na Reimar Horten, walianza kurusha glaida za bawa tupu mwaka 1933, na Februari 1945 bawa lao la injini za jeti likamuua rubani wa majaribio. Marekani nako, bawa la mwunda ndege Jack Northrop lilianguka mwaka 1948 na kuua wote waliokuwemo. Bawa tupu lililokuja kuwa maarufu kuliko yote, ndege ya kivita B-2, liliruka mwaka 1989, na lile linasawazishwa na kompyuta. Mimi ninasawazisha kwa rula, penseli na sarafu ya shilingi ishirini iliyogandishwa puani. Warushaji husema uzito ukiwa mbele mno ndege huruka vibaya, ukiwa nyuma mno huruka mara moja tu. Sarafu ile ndiyo sehemu pekee ya ndege yangu niliyoipata bila kuandikiwa risiti.

Maana swali la mkia nilishaulizwa kabla, kwenye ofisi moja ya mizigo. Ofisa aligeuza vipande vya foamu. "Ni droni?" Nikasema haina injini, haina kamera, haina panga. "Basi mkia uko wapi?" Nikaeleza, pengine kwa urefu. Akaandika: droni, haijakamilika. Nikatumwa ofisi ya pili kuleta barua kwamba kitu kile hakihitaji barua. Ofisi ya pili ikasema haiwezi kuandika barua kuhusu kitu kisichohitaji barua. Wakati huo ada ya kuhifadhi inahesabiwa kila siku, zikiwemo siku ambazo faili lilikuwa mezani pao wenyewe, mpaka ikaipita bei ya ndege. Hapa sicheki. Nchi hii ina watoto wanaounda matatu kwa waya na vifuniko vya chupa, magurudumu yakazunguka na usukani ukageuza kweli. Mtoto kama huyo umpe sevo mbili na risiva, akuonyeshe mambo. Lakini kitu cha kumfundisha hewa kinazuiwa kama bunduki, na anayelipia woga huo ni yeye.

Hata safari ya kwenda na ndege hiyo Ngong kwa matatu ya 111 nililipishwa viti viwili. Na pasi iliyobandika plastiki ya bawa lake imepigwa marufuku kugusa nguo za mtu yeyote nyumbani.

Tathmini ya baada ya mwavuli: bawa zima, plastiki imechanika kidogo, sarafu ipo. Pasta alinishika bega akaniombea, kisha akauliza kwa sauti ya chini inagharimu pesa ngapi. Nilimtajia bei ya dukani. Ile nyingine sikuwa na moyo wa kuitaja mbele ya watu waliotoka kuomba.

Sevo mpya imeshatua nchini. Ina uzito wa gramu tisa. Karatasi niliyotumiwa inasema ni kipuri cha droni, ada inaanza kuhesabiwa Jumatatu, na ofisa mhusika yuko likizo.