Taa za Mama Mkwe

Mara ya kwanza ilikuwa stendi ya Kange, saa moja kasoro jioni. Mama mkwe alishuka kwenye basi la Lushoto na kapu lake la mapeasi, tukampakia nyuma pamoja na wajukuu, nikawasha gari. Hata barabara kuu hatujaifikia, dashibodi ikawaka kama ukumbi wa harusi: taa ya injini, taa ya ABS, na ile ya njano yenye umbo la koili, ya hita, ikikonyeza bila aibu.

Mama mkwe akachungulia katikati ya viti. "Baba Salma, hizo taa za nini?"

"Za kawaida tu, mama."

Asubuhi nilipowasha gari kwenda kazini hapakuwa na taa hata moja. Siku tano baadaye, alfajiri, tukamrudisha stendi. Zikawaka zote. Nikamshusha, nikakaa ndani ya gari mpaka basi lilipoondoka na jua likachomoza, nikawasha tena nirudi nyumbani: kimya. Safari iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipomwambia mke wangu, kwa utani, kwamba hili gari halimpendi mama yake. Mama Salma hakucheka. Chai ya jioni ile niliimimina mwenyewe.

Gari lenyewe ni la dizeli, la mkono wa pili kutoka Japani, na nilikuwa nalisifia kwa kila mtu. Dizeli haina plagi za cheche. Hewa inabanwa mpaka inapata joto la kuwasha mafuta, kwa hiyo nilikuwa nimejiaminisha kwamba nimeagana na matatizo ya umeme. Nilisahau kwamba dizeli za siku hizi zinaendeshwa na kompyuta, na kompyuta umeme ukiyumba nayo huanza kuona mauzauza.

Fundi wa kwanza aliuliza kama taa kubwa zinafifia. Nikasema ndiyo, kidogo. Akasema betri. Laki tatu na nusu ikaondoka. Wa pili akasema betri haina kosa, tatizo altaneta. Tukafunga ya mtumba, na ile ya zamani akabaki nayo, sijui kwa nini nilikubali. Wa tatu alikuja na mashine ya kupimia. Ikatoa makosa saba, kila moja na lake: moja la sensa ya gurudumu, jingine la presha ya hewa, jingine la hita. Akafuta yote. Kesho yake jioni yakaja sita, na manne kati yake yalikuwa mapya kabisa. Alikuwa tayari kuuza sensa moja moja mpaka Idi.

Na kila nilipolipeleka gereji, saa nne asubuhi, gari lilikuwa na adabu zote.

Mama Salma ni muuguzi. Wodini kwake homa inayopanda na kushuka hawaikisii, wanaiandika saa kwa saa. Akachukua daftari la kurasa themanini, akapiga mistari, akalifunga kwa uzi kwenye mkono wa kiti cha mbele: tarehe, saa, barabara, mvua au kavu, kilichowashwa, waliomo ndani. Salma, darasa la tano, akapewa ukarani. Aliandika kwa uaminifu wa kutisha. Tarehe moja ameandika: "Saa 1:10 jioni. Taa 3. Bibi yumo. Baba kasema neno baya."

Mwezi ulipokwisha tukakaa nalo mezani. Taa zilikuwa zimewaka mara kumi na moja. Bibi alikuwemo mara nne tu. Mvua, mara mbili. Mama Salma akashusha kidole kwenye safu ya kilichowashwa, taratibu, kama anasoma kadi ya mgonjwa. Taa kubwa, feni. Taa kubwa. Taa kubwa, waipa. Mara zote kumi na moja, taa kubwa.

"Mama yangu husafiri na basi la mchana," akasema, "linafika magharibi. Na huondoka alfajiri. Wewe unaniletea habari za mikosi."

Sikuwa na la kusema.

Jumamosi tukalipeleka gari kwa kijana mmoja fundi umeme, yule wa chini ya mwembe ambaye siku zote tulimpita kwa sababu hana kibanda. Alisoma daftari kwanza, ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo sijawahi kuona fundi akilifanya. Kisha akatoa mita. Betri, injini imezimwa: volti 12.6. Injini inanguruma: 14.2. "Betri nzima, altaneta nzima," akasema, nami nikahesabu pesa zangu kimoyomoyo. Akaniambia niwashe taa kubwa, feni na waipa. Akaweka ncha moja ya mita kwenye tamino ya hasi, nyingine kwenye injini: karibu sifuri. Akaihamishia kwenye bodi ya gari. 1.9.

"Hapa ndipo penye ugonjwa, mama." Alikuwa ameshajua nani wa kuongea naye.

Umeme, alisema, ukishatoka kwenye betri na kufanya kazi lazima urudi kwenye hasi, na njia ya kurudia ni chuma cha gari na waya wa ethi. Waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini ni mzima, ndiyo maana stata inazungusha vizuri kila asubuhi na kudanganya mafundi. Ule mwembamba wa kwenda kwenye bodi ndio haushiki. Mchana mzigo ni mdogo, unavumilika. Ukiwasha taa kubwa na feni, umeme wa kurudi unakosa njia, na sensa, ambazo nyingi kipimo chake chote hakizidi volti tano, zinaanza kusema uongo kwa pamoja. Kuthibitisha, akabana waya wa kushtulia betri kutoka hasi mpaka kwenye chuma kitupu cha bodi. Taa kubwa zikang'aa, na mshale wa joto, ambao sikuwahi kugundua kwamba ulikuwa umepanda, ukashuka mbele ya macho yetu.

Akafungua bolti iliyo pembeni ya betri, karibu na madigadi. Chini ya waya hapakuwa na kutu. Palikuwa na rangi, nzuri, laini, mpya.

"Madigadi hii ilinyooshwa lini?" akauliza. "Aliyepiga rangi amepaka mpaka kwenye ethi. Rangi haipitishi umeme."

Mama Salma akanigeukia. Mwaka huu, alipokwenda Lushoto wiki nzima kumuuguza mama yake, mimi nilirudi nyuma huku nikikata usukani vibaya, pua ya gari ikakwangua nguzo ya geti la rafiki yangu kule Raskazone. Nililipeleka gari likanyooshwa na kupakwa rangi haraka, kwa bei ya chee, rangi ikakauka siku moja kabla hajarudi. Nilijisifu kwamba hata kivuli cha rangi hakikupishana.

Kijana alipiga msasa mpaka chuma kikametameta, akapaka grisi kidogo, akakaza bolti. Mita ikasoma 0.04. Akadai elfu kumi na tano.

Mama Salma alikuwa amefungua daftari ukurasa wa kwanza. Juu ya mstari wa kwanza kabisa, palipokuwa na nafasi, akaandika "Nguzo, Raskazone," akaniuliza tarehe. Nikamtajia.

"Na saa?"