Asilimia Moja Tu, Afande

Hongereni, waheshimiwa wa Bunge la Marekani. Desemba 2013 mlisaka pa kubana matumizi, mkazunguka Washington nzima, mkamwangukia askari mstaafu. Bei zikipanda kwa asilimia tatu, pensheni yake iongezwe mbili, hadi atimize miaka 62. Ni asilimia moja tu! Aliyestaafu na miaka 40, baada ya kutumikia 20, "tu" hiyo ingemtafuna miaka 22 mfululizo. Panga likawapitia hata waliostaafishwa kwa majeraha ya vita; tukaambiwa hilo lilikuwa kosa la kiufundi. Afande aliyeacha mguu Kandahar naye bila shaka ni kosa la kiufundi.

Februari 2014 mkayafuta makato hayo, Seneti kwa kura 95 dhidi ya 3, huku mkiwapa pole wastaafu kana kwamba walivamiwa na watu wasiojulikana. Ila walioingia jeshini kuanzia Januari 1, 2014, wao mkawaachia makato yao. Hao hawakuwa na chama cha kuwapigia kelele. Wengi walikuwa bado darasani, wakifundishwa hesabu za asilimia.