Gari Juu, Mama Mkwe Chini

Migosi, hapa Kisumu, ni mtaa wa tambarare. Mlima ulio karibu nasi ni Riat, na huo una lami kutoka chini hadi juu; hata tuktuk huupanda, ingawa kwa manung'uniko. Kwa hiyo majirani walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini mtu anayeishi karibu hivi na Kondele aiinue Suzuki Jimny yake inchi mbili na kuivisha tairi za trekta.

Hazikuwa za trekta. Jimny ya umri wa yangu ilizaliwa na tairi za 175/80 za rimu 16, ambazo kipenyo chake ni milimita 686 hivi. Nilizofunga ni 235/75 za rimu 15, yaani milimita 733 na ushee. Tofauti haifiki hata upana wa mkono wangu, lakini mtaani hakuna anayetembea na futi. Kijana wa getini aliizunguka gari, akapiga mluzi, akaniuliza kama najiandaa kwa Rhino Charge, yale mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia ua wa msitu wa Aberdare, ambako magari hukata porini pasipo njia na mshindi huwa yule aliyevifikia vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. Nikamwambia yangu ni magumu kuliko hayo. Nakwenda ukweni.

Ukweni kwangu ni Kano, uwanda wenye udongo mweusi usiojua kiasi. Kiangazi unapasuka nyufa zinazomeza kandambili ya mtoto. Masika unanata, unajaa kwenye tairi hadi inakuwa donge laini lisilouma chochote, na gari linabaki likiimba mahali pamoja. Mto Nyando nao ukifurika, kama ulivyofurika 2020 na tena 2024, mtu huacha kuuliza barabara iko wapi na kuanza kuuliza nyumba ziko wapi. Kila mvua ikianza, shemeji zangu walinipokea kwenye lami, nikavua viatu na kukunja suruali, nikaingia kwa wakwe zangu na miguu ya mvuvi. Mwanamume ana mpaka wake.

Nitoe somo fupi kwanza, maana wengi hudhani springi ndefu huinua gari lote. Haziinui. Zinainua bodi. Ile difu, lile tufe la chuma linaloning'inia kwenye ekseli, hubaki palepale lilipokuwa, likisubiri jiwe. Kinachoinua difu ni tairi, tena kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo: kwangu mimi, milimita 23 na nukta. Kazi ya springi ni kutafutia hizo tairi nafasi zisile madigadi. Nilimweleza haya jirani yangu wa nyumba ya pili, akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Kwa hiyo, Mwalimu, umelipa pesa zote hizo kwa unene wa kidole?"

Fundi wangu ni mtu wa vitendo. Alipofunga springi na tairi, akakata usukani hadi mwisho, tairi ikakwaruza bampa. Mimi nikaenda kutafuta soda. Niliporudi nilikuta cheche zinaruka: ameshika grainda na pembe ya bampa yangu iko chini vumbini.

"Nimepunguza kidogo tu, mzee wangu."

"Na upande wa pili?"

"Huo nilianza nao."

Hakugusa kitu kingine, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Gari la ekseli nzima likiinuliwa, ile fito inayoishika ekseli isiende kando hulala kwa pembe mpya na kuivuta ekseli yote upande mmoja. Pembe ya usukani nayo hubadilika. Ndiyo maana watu hufunga fito ya kurekebishika na bushi za kusahihisha hiyo pembe. Fundi wangu aliona hizo ni anasa za Nairobi. Nilipomwonyesha kwamba tairi ya kushoto imechungulia nje na ya kulia imejificha ndani, akainamisha kichwa hadi zikalingana. "Litazoea," akasema.

Nyumbani mzozo ulikuwa wa mafuta. Mke wangu, Nyar Kano, ndiye mweka hazina wetu, na aliona tunajaza mara nyingi kuliko zamani. Nikamfafanulia kwamba tairi kubwa huzunguka mara chache, kwa hiyo mita ikisema tumekwenda kilomita 100, kwa kweli tumekwenda karibu 107. Gari halili zaidi, mita ndiyo inayotunyima sifa. Akafikiri kidogo.

"Na pampu ya mafuta nayo inatunyima sifa, Baba Achieng'?"

Ndipo masika yakafika, na habari kutoka Kano kwamba mama mkwe magoti yanamsumbua, apelekwe hospitali. Sikuwahi kufurahia magoti ya mtu kiasi kile. Tulipoacha lami ya Ahero nikaingiza gia za magurudumu manne na kuingia kwenye ule weusi kwa mwendo wa harusi. Meno ya tairi yakatema matope, yakashika, yakatema tena. Tulipita probox iliyotelekezwa, tukapita shemeji zangu waliokuwa njiani kutupokea na makoleo, tukaingia uani na viatu vyangu vikavu. Nilishuka polepole ili kila mtu avione.

Mama mkwe akatoka na mkongojo. Akaitazama gari. Akautazama mlango. Sakafu ya gari ilikuwa imempita magoti yale yale tuliyokuja kuyatibu.

Msomaji asiye wa huku ajue jambo moja. Kwetu sisi Waluo, mkwe na mama mkwe hupendana kwa mbali. Salamu zenyewe huja na heshima ya hatua kadhaa katikati. Mimi, mwanamume mwenye nguvu zaidi pale uani, ndiye mtu pekee ambaye haiwezekani nimshike mkono, sembuse kumbeba. Nikasimama chini ya mwembe nikikagua mawingu.

Kikaletwa kigoda, kikazama kwenye matope. Likaletwa kreti la soda, likazama nusu. Hatimaye shemeji mdogo, ambaye huwa simsikilizi, akauliza: kwa nini gari lisiingizwe mtaroni? Nikaliteremsha. Mtaro ulilimeza hadi sakafu ikalingana na ukingo, na mama mkwe akaingia kama anayeingia sebuleni. Pesa zote nilizolipa kuliinua, tukazirudisha kwa shimo la kuchimbwa kwa jembe.

Kisha likaja la pili. Jimny yangu ina milango miwili, na kiti cha nyuma hufikiwa na wenye viungo vya mbuzi. Mama mkwe lazima akae mbele. Mbele kuna dereva, na kati yao hakuna hata nafasi ya mkoba. Mkwe na mama mkwe bega kwa bega hadi Kisumu? Nyar Kano akanyoosha mkono, nikampa ufunguo, nikajikunja nyuma pamoja na kuku wawili na gunia la mchele wa Ahero.

Kutoka mtaroni tulitoka wenyewe, bila kusukumwa, na hilo naomba liandikwe. Ila kwenye lami, mita iliposoma 80 na sisi tukiwa kwenye 85, tukapiga kishimo na usukani ukaanza kutetemeka hadi bangili za mke wangu zikalia. Akapunguza mwendo, ukatulia. Kuku hawakutulia. Ukimya ukakaa hadi Nyamasaria.

"Fundi wako ni nani?" mama mkwe akamuuliza binti yake, akinizungumzia mimi niliye nyuma ya kichogo chake, kwa adabu kamili.

Fito ya kurekebishika ilifungwa wiki iyo hiyo, na fundi mwingine, na bushi pia. Usukani sasa umetulia. Nyar Kano alitaka springi za zamani zirudi. Akampigia mama yake simu amuunge mkono, akajibiwa kwamba masika yote ni gari moja tu lililofika mlangoni kwake, na liachwe lilivyo. Kwa hiyo halishuki. Sokoni Kibuye tumenunua kigoda chenye miguu mipana, kinakaa nyuma pamoja na jeki.

Nawe unayetaka kuinua lako, karibu Migosi, nitakuelekeza kwa fundi. Usiende kununua soda.