Sifa za Garasa Mwenye Mkataba wa Miaka Mitatu

Kumsifu Stephane Aziz Ki hakuhitaji kipaji. Mtu kafunga mabao 21 ya ligi msimu wa 2023/2024, kawa mfungaji bora, Yanga ikamwongezea mkataba, na Mei 2025 ikamuuza Wydad ya Morocco. Hapo hata mtoto wa darasa la pili hapa Nyakahura anatunga shairi. Mimi leo namsifu yule mwingine: aliyeshuka uwanja wa ndege Dar es Salaam na skafu shingoni, akasaini miaka mitatu, akacheza mechi tisa, akaumia nyama za paja, akapona, akaumia tena akisherehekea kupona. Vijiweni tunamwita garasa. Jina lake silitaji, maana kila msomaji tayari ana lake kichwani, na yote ni sahihi.

Kwanza, garasa ni mtu wa kuwahi kazini. Mkataba mrefu wa nyota hufanya kazi yake yote siku unaposainiwa. Julai klabu inatangaza chuma kipya, jezi zinaingia sokoni, Agosti kwa kawaida inakuja na sherehe za Simba Day na Wiki ya Mwananchi, Uwanja wa Mkapa unafurika na ligi yenyewe haijaanza. Hakuna mchezaji hodari kama yule ambaye hajagusa mpira. Garasa hulijua hilo, ndiyo maana anajitahidi kubaki hivyo kwa muda mrefu iwezekanavyo. Kinachofuata baada ya Agosti, yaani miaka miwili na miezi kumi hivi, ni kulipia sherehe iliyokwisha.

Sherehe yenyewe hufika mpaka huku. Nyakahura tuko njiani. Lori linalotoka Lusahunga kwenda Rusumo au Kobero litatupitia tu, na dereva wa IT, yaani magari ya kuvuka mpaka, anayekimbiza gari la tajiri wa Kigali akisimama kunywa chai huja na habari za usajili zenye moto kuliko chapati. "Wakuu, mashine imeshuka jana usiku. Miaka mitatu!" Hapo kijiwe cha bodaboda kinasahau abiria. Mama mwenye ndoo mbili za maharage anaita, anaita, mwisho anajitwika mwenyewe moja na kumkabidhi mwanawe nyingine. Timu ambayo jana ilikuwa haina kiungo, leo ina kiungo, ina nusu fainali ya Afrika, na ina ubingwa wa msimu wa tatu kutoka sasa.

Kijana mmoja wa kijiwe hicho anayo jezi yenye jina la garasa mgongoni. Herufi mbili zimeshabanduka, mwenye jina kashaondoka nchini, lakini jezi inavaliwa kila Jumamosi. Nilimuuliza haoni aibu. "Shikamoo kwanza, mzee," akanijibu, maana mimi ndiye niliyeanza kwa kejeli kabla hajapata nafasi ya kunisalimia. "Hii nilinunua elfu thelathini na tano. Yeye alisaini miaka mitatu. Nitaivua mkataba ukiisha." Huo ndio uungwana ambao viongozi wa klabu wameshindwa kuuonyesha.

Wabishi watasema fedha zimepotea. Tupige hesabu basi. Tuseme garasa analipwa milioni 20 kwa mwezi. Kwa miezi 36 ni milioni 720. Kacheza mechi tisa, kwa hiyo kila mechi imeigharimu klabu milioni 80. Sisi kwenye kibanda umiza tulimtazama mechi hizo zote kwa shilingi 500 kila moja. Nionyesheni biashara nyingine nchini ambamo mtu wa Nyakahura anaingia na jero na kutoka ametazama kitu cha milioni 80.

Kisha kuna elimu ya mikataba. Kabla ya kesi ya mchezaji Bernard Morrison, nani kwenye kijiwe chetu alikuwa na habari za mji wa Lausanne? Mwaka 2020 Yanga wakasema wana mkataba naye wa miaka miwili, yeye akasema hana, kamati ya shirikisho la soka, TFF, ikaona mkataba una kasoro, Simba wakamvisha jezi, na kesi ikapanda hadi mahakama ya michezo, CAS, huko Uswisi. Novemba 2021 mchezaji akashinda. Mwaka uliofuata akarudi Yanga hao hao, na hakuna aliyeshangaa. Wazee ambao hawajui baraza la kata linakaa siku gani wakawa wanachambua ukurasa wa sahihi. Siku hizi hata wauza ndizi wanajua kwamba kwa kanuni za FIFA mkataba hauzidi miaka mitano, na kwa aliye chini ya miaka 18 hauzidi mitatu. Na kwamba mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kutoa notisi ya siku 15 na kuondoka zake. Hilo la mwisho baadhi ya klabu zetu hulijua baadaye kidogo kuliko wauza ndizi, FIFA inapokuwa imeshazifungia kusajili.

Mwalimu mkubwa kuliko wote alikuwa Feisal Salum, ingawa yeye hajawahi kuwa garasa, na hapo ndipo penye uchungu. Desemba 2022 Fei Toto aliiwekea Yanga shilingi milioni 112 akisema ananunua uhuru wake. Klabu ikakataa, kamati ya TFF ikaamua Januari 2023 kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, na nchi nzima ikaingia kwenye mjadala. Kijana akakaa bila mpira nusu ya msimu. Ilipofika Juni, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa amewaalika Yanga Ikulu, akawataka walimalize suala hilo. Siku chache baadaye Fei akawa mchezaji wa Azam, na msimu uliofuata akafunga mabao 19. Ndivyo ulivyo mkataba mrefu: humbana anayetaka kuondoka na kumlea anayepaswa kuondoka. Garasa hajawahi kusumbua Ikulu. Yeye hataki kwenda popote.

Wenye haraka ya kuwalaumu viongozi wetu waangalie Marekani, kwenye besiboli, mchezo ambao mikataba yake hulipwa hata mchezaji akiachwa. Klabu ya New York Mets ilimwacha Bobby Bonilla mwanzoni mwa mwaka 2000 huku ikidaiwa naye dola milioni 5.9. Badala ya kumlipa, wakaahirisha deni kwa riba ya asilimia 8. Tangu 2011, kila Julai mosi, Bonilla anapokea dola milioni 1.19, na ataendelea kupokea hadi 2035, akiwa na miaka 72. Mashabiki huko wameigeuza siku hiyo kuwa sikukuu. Mtadhani Mets walijifunza. Desemba 2024 wakampa Juan Soto mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 765. Utakapoisha atakuwa anakaribia miaka 41. Soto ni mpigaji hatari, simwiti garasa. Ila miaka 15! Mtoto anayezaliwa Nyakahura leo atakuwa sekondari na Soto bado analipwa. Ukilinganisha na hayo, miaka mitatu yetu ni posho ya nauli.

Na mkataba mrefu si lazima uwe mrefu. Januari 2020 Mbwana Samatta alisaini Aston Villa miaka minne na nusu, akafunga kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, na Septemba ya mwaka huo huo alikuwa Fenerbahçe. Kwa miezi minane Nyakahura ilikuwa kata ya Villa. Sasa ukitaja Villa watu wanakuuliza ni nyumba ya wageni ya wapi.

Lazima nikiri kuna ushahidi unaonisumbua. Agosti 2021 Simba waliwaachia Clatous Chama kwenda RS Berkane na Luis Miquissone kwenda Al Ahly. Simba walikuwa wametwaa ubingwa mara nne mfululizo. Baada ya hapo Yanga nao wakatwaa mara nne mfululizo. Mtani wangu wa Simba akisikia hivyo hupiga meza: nyota wanalipa, msiwauze! Sawa. Lakini wote wawili walirudi Msimbazi baadaye. Chama alirudi akiwa Chama, na mwaka 2024 akavuka barabara kwenda Yanga. Miquissone alirudi 2023 akiwa na jina lile lile tu. Mkataba hulipia jina. Miguu huja yenyewe ikipenda.

Upande wa pili tazameni Kagera Sugar wetu. Sijawahi kusikia barabara ya uwanja wa Kaitaba ikifungwa kwa ajili ya kutambulisha nyota. Waliishi kwa kiasi na mwisho wa msimu wa 2024/2025 wakashuka daraja. Msimu uliofuata mtu wa huku aliyetaka kuwaona ilibidi apande basi la kupitia Biharamulo na Muleba hadi Bukoba akatazame ligi ya Championship, ambako hakukuwa na hata garasa wa kumtukana. Timu ikishuka na garasa, walau ina wa kumlaumu. Kagera ilibidi wajilaumu wenyewe, na huo ni ukatili.

Najua mwisho wake. Taarifa fupi itatoka usiku, kwamba klabu na mchezaji wamevunja mkataba kwa makubaliano ya pande zote mbili, tunamtakia kila la heri. Nawasihi viongozi wasifanye hivyo. Kama Dar es Salaam wamemchoka, wamlete huku akae mpaka miaka yake mitatu iishe. Uwanja wa shule ya msingi hauna majani, kwa hiyo hatalazimika kucheza, na kijiwe kitapata wa kumuuliza maswali yake yote ana kwa ana. Ndizi zipo, maharage yapo. Bodaboda kutoka stendi tutamlipia sisi. Mshahara endeleeni kumlipa ninyi.